Jina la bonde likiishia mfukoni mwa mtu mmoja

Mimi si mnywaji, na msomaji asiyekunywa, kwa imani yake au kwa afya yake, asiukimbie ukurasa huu. Ninachotaka kuzungumzia leo ni shayiri, leseni na jina. Bahati mbaya ni kwamba mahali ambapo mambo hayo matatu yamekutana na kuzaa fedha nyingi ni ndani ya chupa ya wiski, kwa hiyo itabidi mnivumilie.

Ukipita katika maduka ya uwanja wowote mkubwa wa ndege utaikuta chupa iliyoandikwa The Glenlivet. Ndani yake hamna cha ajabu. Kuna maji, shayiri iliyooteshwa ikawa kimea, na hamira. Kisha moto, mtambo wa shaba, pipa la mti wa mwaloni na subira ya miaka 12. Kiwanda kimoja, kimea kitupu, bila kuchanganywa na pombe ya nafaka nyingine. Mkulima wa shayiri wa Monduli au wa Narok akiambiwa bei ya chupa hiyo, kisha akapiga hesabu ni shayiri kiasi gani imo ndani yake, ataomba aketi kwanza.

Watu wa kiwanda wanapenda kusema siri ni maji ya chemchemi yao. Nami sina ugomvi na maji. Lakini nimeisoma historia ya kiwanda hiki kwa muda sasa, na ninavyoona mimi siri ni mbili: sheria iliyomfaa mkulima mdogo, na jina lililolindwa mahakamani. La kwanza tungefaa kuliiga. La pili ndilo lililonifanya nikae niandike, kwa sababu kila mtu hulisifia na mimi sikubaliani na sifa hizo moja kwa moja.

Glenlivet ni bonde la mto mdogo uitwao Livet, kaskazini mashariki mwa Scotland, katika eneo la mto Spey. Neno "glen" kwa lugha ya huko maana yake ni bonde. Ni mahali pa milima, baridi na theluji, na miaka 200 iliyopita hapakuwa na barabara ya maana. Wakulima walikuwa wapangaji katika ardhi ya Duke wa Gordon, na kodi ya pango ilidaiwa kwa fedha taslimu. Sasa mkulima mwenye magunia ya shayiri milimani atapata wapi fedha taslimu? Gunia ni zito, soko liko mbali, na mnunuzi akijua huna pa kwenda anakupangia bei. Wakulima wa mahindi wa Rukwa hawahitaji kuelezwa zaidi. Lakini shayiri ile ile ikipikwa inaingia katika vipipa viwili mgongoni mwa farasi mdogo, haiozi, hailiwi na panya, na mjini inagombewa.

Basi wakapika. Serikali ya London nayo ikatunga sheria kama vile haijawahi kumwona mkulima. Mwaka 1814 ilipiga marufuku, katika nyanda za juu za Scotland, mitambo yote yenye ujazo chini ya galoni 500, yaani karibu lita 2,000. Mtambo wa ukubwa huo ungetaka shayiri kuliko iliyokuwa ikilimwa na vijiji kadhaa kwa pamoja. Kwa maneno mengine, mkulima mdogo aliambiwa awe tajiri kwanza ndipo aruhusiwe kufanya kazi. Miaka miwili baadaye kiwango hicho kililegezwa, lakini ushuru ulibaki mkubwa na watu walikwisha kuzoea njia za usiku.

Matokeo yake ni yale ambayo sheria za namna hiyo huzaa popote. Inasemekana bonde la Glenlivet peke yake lilikuwa na mitambo ya siri ipatayo 200. Mapipa yalivushwa milimani kwa misafara ya farasi, wanaume wenye silaha wakisindikiza. Maofisa wa ushuru waliogopwa kidogo na kudanganywa sana. Na jambo la kuchekesha ni kwamba magendo hayo ndiyo yaliyojenga sifa. Viwanda halali, vikibanwa na kodi iliyopimwa kwa ukubwa wa mtambo, vilipika harakaharaka na kutoa pombe mbaya; mpikaji wa siri alipika taratibu katika mtambo mdogo na kutoa kitu kizuri. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipotembelea Edinburgh, aliulizia wiski ya Glenlivet. Elizabeth Grant, binti wa mwenye ardhi mmoja wa huko, aliandika katika kumbukumbu zake jinsi wiski hiyo ilivyotafutwa nyumbani kwao na kupelekwa kwa mfalme. Mfalme mwenyewe akawa mteja wa bidhaa iliyoikwepa hazina yake.

Mwaka uliofuata, 1823, sheria ikabadilishwa. Duke wa Gordon aliwaambia wenzake bungeni kwamba kukamata watu hakutamaliza magendo. Wapeni wakulima njia halali wanayoiweza, nasi wenye ardhi tutasaidia kuwabana watakaokaidi. Leseni ikawekwa pauni 10 kwa mwaka, na ushuru ukapunguzwa kwa zaidi ya nusu. Pauni 10 hazikuwa fedha ndogo kwa mpangaji, lakini zilikuwa fedha ambazo mtu mwenye ng'ombe wachache angeweza kuzitafuta.

Mwaka 1824 mpangaji mmoja wa Duke huyo, George Smith, mkulima wa shamba la Upper Drumin, akachukua leseni. Alikuwa wa kwanza katika bonde lile. Majirani hawakumpigia makofi. Walimwona msaliti, wakatishia kukichoma kiwanda chake yeye mwenyewe akiwemo ndani. Mwenye ardhi wa Aberlour akampa bastola mbili, na kwa miaka kadhaa Smith hakutoka nyumbani bila bastola hizo kiunoni. Wengine watatu walijaribu kufungua viwanda halali bondeni katika miaka miwili iliyofuata, walitishwa wakaacha. Smith akabaki peke yake.

Naomba hapa tusimame kidogo. Kabla ya sheria ile, kesi za mitambo ya siri katika Scotland zilihesabiwa kwa maelfu kila mwaka; zinatajwa 14,000. Baada ya miaka kumi hivi zilikuwa zimeshuka hadi mamia. Polisi hawakuwa wameongezeka kwa kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Kilichobadilika ni bei ya kuwa mtu halali.

Sisi tumejaribu nini? Uganda katikati ya miaka ya 1960 ilitunga sheria ya kuwapa leseni wapikaji wa enguli na kuwataka waiuze kiwandani, ikasafishwe na kuwekwa kwenye chupa. Ndipo ilipozaliwa Uganda Waragi. Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, watu wakaendelea kuipika, na mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye sumu ya methanoli. Mwaka 2010 Kenya ikafungua mlango, lakini kwa masharti ya chupa za vioo, lebo na viwango ambayo mpikaji wa kijijini hayawezi kwa urahisi. Tanzania mpikaji wa gongo bado anakimbizana na askari mtoni, na watoto wa shule wanajua ratiba ya misako kuliko ratiba ya masomo. Sisemi kila mtaa uwe na mtambo. Nasema tu kwamba anayetunga leseni ambayo walengwa hawawezi kuilipia ametunga marufuku, hata kama karatasi inaiita leseni.

Turudi kwa Smith, maana kisa chenyewe ndiyo kwanza kinaanza.

Biashara ilikua. Mfanyabiashara wa Edinburgh, Andrew Usher, alikuwa wakala wake, na mwaka 1853 kampuni ya Usher ilitoa wiski ya kuchanganya iliyobeba jina la Glenlivet. Mwishoni mwa muongo huo Smith alijenga kiwanda kikubwa zaidi mahali paitwapo Minmore, ambapo kipo hadi leo. Reli ilipofika Ballindalloch mwaka 1863 mapipa yakawa na njia ya kufika mbali. Kisha mashamba ya mizabibu ya Ufaransa yakashambuliwa na mdudu wa filoksera, brandi ikaadimika, na wanywaji wa Uingereza wakageukia wiski. Bahati ya mmoja, maafa ya mwingine. Kilimo ndivyo kilivyo.

Jina la Glenlivet likawa fedha. Ndipo kila kiwanda cha eneo lile, na vingine vya mbali na bonde, vikaanza kuliandika kwenye mapipa yao. Utani ukazuka kwamba Glenlivet ndilo bonde refu kuliko yote Scotland. George Smith alikufa mwaka 1871. Mwanawe, John Gordon Smith, alikuwa amesomea sheria, na alifanya ambalo mtoto aliyesomea sheria angetarajiwa kulifanya: akaenda mahakamani. Mwaka 1884 mambo yakaamuliwa. Familia ya Smith peke yake ndiyo ingejiita The Glenlivet, kwa maana ya "Glenlivet yenyewe". Wengine wangeruhusiwa kulitumia jina hilo kama tu wataliunganisha na jina lao kwa kistari. Ndiyo maana kwa miaka mingi palikuwapo Macallan-Glenlivet, Aberlour-Glenlivet, Longmorn-Glenlivet na orodha ndefu ya wengine.

Vitabu vya biashara humsifu sana John Gordon kwa hatua hiyo. Wanasema aliokoa jina. Na ni kweli, aliliokoa kutoka kwa waongo. Lakini tujiulize: lilikuwa jina la nani? Sifa ya Glenlivet haikuanzishwa na baba yake. Ilikuwepo mwaka 1822 mfalme alipoiulizia, miaka miwili kabla Smith hajachukua leseni. Iliundwa na wale wapikaji 200 wasiojulikana, na wake zao, waliokuwa wakichochea moto usiku na kumwaga kila kitu wakisikia farasi wa ofisa. Baadhi yao ndio haohao waliotaka kumchoma Smith, na siwatetei kwa hilo. Lakini jina la bonde lilikuwa jasho la bonde zima, na mahakama ilipomaliza kazi yake likawa mali ya familia moja.

Tazama jinsi lilivyotembea baada ya hapo. Wakati wa marufuku ya pombe ya Marekani, 1920 hadi 1933, soko lile lilifungwa; marufuku ilipoondolewa, Bill Smith Grant wa ukoo huo alivuka bahari na kuipenyeza wiski yake katika treni za abiria za kampuni ya Pullman, katika vichupa vidogo. Ilikuwa akili kubwa: msafiri wa treni ni mtu mwenye fedha na asiye na la kufanya. Hapo ndipo Marekani ilipokuwa ngome ya jina hilo. Miaka ya 1950 kampuni ikaungana na jirani yake, Glen Grant. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikanunuliwa na Seagram ya Kanada. Mwaka 2001 ikaangukia mikononi mwa Pernod Ricard ya Ufaransa. Kimea chenyewe kiliacha kutengenezwa kiwandani hapo katika miaka ya 1960. Sasa kinanunuliwa kwa viwanda maalumu vya kimea nje ya bonde. Kiwanda kimepanuliwa mara kadhaa, na leo kinaweza kutoa takriban lita milioni 21 za pombe kwa mwaka. Ni kati ya wiski za kimea kitupu zinazouzwa zaidi duniani. Wajuzi wanaisifu kwa wepesi wake na harufu ya matunda, wengine wanataja nanasi, tofauti na zile za kisiwa cha Islay zinazonuka moshi.

Hongera zao. Lakini kuna kitu kilichonishangaza kuliko yote. Mwaka 1966 ndani ya bonde la Livet kulifunguliwa kiwanda kingine, Tamnavulin. Maji yake, hewa yake na theluji yake ni za bonde hilohilo, lakini hakiwezi kujiita The Glenlivet. Mwaka 1973 kikafunguliwa cha tatu juu zaidi bondeni, kikaitwa Braes of Glenlivet, yaani miinuko ya Glenlivet, jina halisi la mahali kilipojengwa. Baadaye kikawa chini ya wenye The Glenlivet, na mwaka 1994 kikabadilishwa jina kuwa Braeval ili wateja wasichanganyikiwe. Wakati huo Macallan, kilichoko ng'ambo ya vilima kando ya mto Spey na nje kabisa ya bonde, kilikuwa kimetumia jina la Glenlivet kwenye lebo kwa takriban miaka mia moja. Aliye nje alilitumia kwa kistari, aliyezaliwa ndani akavuliwa.

Wapo watakaosema ndivyo biashara ilivyo, na kwamba bila mtu mmoja wa kulipigania, jina lingekufa kwa kuchakachuliwa. Hoja hiyo ina uzito. Jina lisilo na mlinzi huliwa na mchwa. Ila Scotland hiyohiyo imetuonyesha njia ya pili. Neno "Scotch" si la kampuni yoyote. Ni la nchi. Kanuni za mwaka 2009 zinasema wiski haiwi Scotch mpaka ipikwe Scotland, ikae humo katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa miaka isiyopungua mitatu, na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40. Yeyote atakayetimiza hayo, mkubwa au mdogo, anaruhusiwa kulitumia. Asiyetimiza anashitakiwa popote alipo, na wana mawakili wa kutosha kwa kazi hiyo.

Lakini hata humo, mkulima asome maandishi madogo. Hakuna kifungu kinachosema shayiri iwe ya Scotland. Viwanda vinaweza kuagiza kutoka nje, na vimekuwa vikifanya hivyo miaka ambayo mavuno ya nyumbani hayakutosha au bei haikuwapendeza. Kanuni ziliandikwa na wapikaji na wauzaji, na mkulima hakuwa mezani.

Kwa nini nayaleta haya katika kurasa za kilimo za hapa? Kwa sababu tunalo bonde refu letu, nalo ni mlima. Nchini Japani kahawa ya arabika ya Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, inaruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Ya Mbinga inaitwa Kilimanjaro. Ya Mbozi inaitwa Kilimanjaro. Na kahawa iliyochanganywa na ya nchi nyingine inaweza kubeba jina hilo mradi yetu ifikie asilimia 30. Kanuni hizo zilipangwa na wafanyabiashara wa Japani kwa ajili ya soko lao, na siwalaumu, kwa sababu jina lilikuwa barabarani halina mwenyewe. Mchaga wa Old Moshi anaona jina la mlima wake limebebeshwa mizigo ya wengine; mkulima wa Mbinga anaona kahawa yake nzuri imenyimwa jina lake yenyewe. Wote wawili wana haki ya kulalamika, na wote wawili hawalipwi kitu kwa jina hilo.

Ethiopia waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 2005 serikali yao iliomba Marekani isajili majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe, na baada ya mvutano, mwaka 2007 ikafikia makubaliano na Starbucks. Cameroon walikwenda njia nyingine: mwaka 2013 pilipili ya Penja na asali nyeupe ya Oku zikapata ulinzi kama majina ya mahali, yanayotumiwa na wazalishaji wa mahali hapo kwa pamoja wakifuata masharti yao.

Mimi naiunga mkono njia ya Cameroon. Naogopa sana siku atakapotokea John Gordon Smith wetu, kijana msomi mwenye kampuni iliyosajiliwa vizuri, akalichukua jina la Kilimanjaro kwa kahawa, au jina la kijiji chochote chenye mchele, asali au karafuu yenye sifa, akalitetea kwa ustadi, na sisi tukampigia makofi kwamba amelinda jina la taifa. Baada ya miaka 100 atakuwa ameliuza kwa Mfaransa, na mkulima anayeamka kila siku chini ya mlima huo ataambiwa abadilishe lebo ili asiwachanganye wateja.

Vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa vinayo nguvu ya kuanza. Visikae kungoja wizara. Viandike mipaka: kahawa ya vijiji gani, mwinuko upi, imeoshwa na kukaushwa vipi. Viandike pia kifungu ambacho watu wa Scotland walikisahau, kwamba zao lenyewe litoke katika mashamba ya wanachama. Mbinga nao waandike la kwao, wasikubali kujificha nyuma ya mlima wasiouona. Kama kuna ushirika ambao umeshaianza kazi hiyo, naomba viongozi wake waniandikie kupitia gazeti hili. Nitayachapa masharti yao hapahapa, neno kwa neno, ili wakulima wengine wayanakili.